Mlima usio na bikoni

Kwa miaka thelathini na minne serikali ilinilipa nieleze kitu kiko wapi. Ndiyo kazi ya mpima ardhi, ukiondoa vumbi, siafu na majirani wanaokimbizana na mapanga juu ya mpaka. Unasimamisha thiodolaiti kwenye miguu yake mitatu, unaiweka sawa, unalenga, unasoma pembe, unaandika daftarini, unahamia nukta ya pili. Sikulelewa kupenda picha. Picha niliyoiheshimu ilikuwa ramani ya kipimo cha 1:50,000, na hiyo nayo niliipendea ukali wake: ukikosea unaumbuka, mwenye shamba anakuja kukuonyesha mto uliousahau.

Mwaka 2012 kikaja kifurushi kutoka Denmark. Nilikichukua posta Moshi mjini nikapanda nacho hadi Kidia, Old Moshi, kwa mama. Ndani yake mlikuwa na soksi za sufu, pakiti mbili za kahawa (sisi watu wa Kilimanjaro, tunatumiwa kahawa kutoka Ulaya), na katikati, imefungwa kwa taulo, kanvasi ya sentimita hamsini kwa arobaini. Mdogo wangu, ambaye aliondoka mwaka 1987 na kuweka maisha Aarhus, alikuwa amechora picha. Nyuma ya kanvasi aliandika kwa kalamu: Nyumbani, saa kumi na mbili jioni.

Nikaigeuza. Chini palikuwa na tabaka la rangi ya kijivu iliyokaribia samawati. Juu yake tabaka la kijani kilichochakaa. Juu ya hilo, weupe ambao haukuwa mweupe hasa, kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Upande wa kulia, penye ukingo wa weupe, palikuwa na kidonda kidogo cheusi, kama mtu amechoma kwa ncha ya kisu. Halafu kutoka juu kabisa ilishuka mikwaruzo myembamba ya manjano na kijani, mingi, wima, inafika katikati ya picha na kuishia hewani. Hapakuwa na mti wala nyumba. Hapakuwa na ng'ombe wala mtu.

Nilifanya kile ambacho wasomaji wengi wa gazeti hili wangefanya. Nilicheka, nikasema Wazungu wamemharibu dada yetu.

Niseme mapema ninachotetea, maana makala za maoni zina tabia ya kuzunguka. Picha za namna hii, wenyewe wanaziita abstrakti, vitabuni tunaambiwa tuseme sanaa dhahania, zinadharauliwa sana hapa kwetu. Tunaziona ni uvivu au ni ulaghai wa kuuzia matajiri. Mimi nasema mandhari inayochorwa na mtu aliyehama, ikiwa imevuliwa kila kitu hadi kubaki mistari na rangi, inaweza kuwa ripoti ya upimaji iliyo sahihi kuliko picha zote za twiga na jua linalozama tulizonazo kwenye sebule za hoteli. Tena nasema kile kilichoachwa nje ya picha nacho kina sababu, na sababu yenyewe mara nyingine ni sisi tuliobaki nyumbani.

Turudi mezani. Mama alikuwa anachambua maharage. Mimi, baada ya kucheka, kile kidonda cheusi kilianza kunisumbua. Kilikuwa upande wa kulia. Mtu asiyetoka Moshi hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Kilimanjaro ina vilele viwili vinavyoonekana kutoka mbali: Kibo, wenye theluji, na Mawenzi, uliochongoka, ambao wazee wanasema ulipigwa mchi na Kibo kwa kuzoea kwenda kuomba moto kwa jirani. Ukisimama kusini, upande wetu, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Ukisimama kaskazini, Amboseli kule Kenya, vinabadilishana. Kadi nyingi na kalenda nyingi zinazouzwa duniani zikiwa na jina la Kilimanjaro, zile zenye tembo mbele, zimepigwa Amboseli. Watanzania tunazinunua, tunazitundika ofisini, tunautazama mlima wetu kwa macho ya mtu aliyesimama nchi jirani, na hakuna anayegutuka.

Yule niliyemcheka alikuwa ameiweka Mawenzi mahali pake. Miaka ishirini na mitano Ulaya, hakuweka hata mgomba mmoja, lakini Mawenzi hakukosea.

Nikachukua rula. Najua ni upuuzi kupima picha ya namna ile kwa rula, lakini mkono una mazoea yake. Nikapima nafasi kati ya katikati ya weupe na kile kidonda, nikailinganisha na upana wa weupe wenyewe. Kwa mpima ardhi, vilele viwili vinavyojulikana na pembe moja kati yake ni mwanzo wa kujua mtu alisimama wapi. Ila ni mwanzo tu. Nukta mbili hazikupi mahali. Zinakupa upinde mrefu juu ya ramani, na mtu anaweza kuwa popote juu ya upinde huo. Ili umbane, unahitaji nukta ya tatu. Upinde wangu ulipita karibu na nyumbani, nikajiridhisha kwamba alichora kutoka kwenye kibaraza chetu. Nikamtangazia mama ugunduzi huo kwa sauti ya ofisini.

Mama akaweka ungo chini, akavaa miwani. Kwanza akalalamika kama mimi: mbona hakuna mgomba? Halafu akanyamaza. Akafanya kitu ambacho mpaka leo nakiona: aliinamisha kidevu, akapandisha mkono mpaka kwenye paji la uso, akausogeza kando kama mtu anayefungua pazia.

“Haya ni majani, baba,” akasema, akigusa ile mikwaruzo. “Ya mzigo. Yanaangukia machoni.”

Nikamwambia sioni.

“Utayaonaje? Wewe hukubeba.”

Kwa asiyejua maisha ya mlimani: ng'ombe wa Mchagga analishwa bandani. Kihamba, shamba la nyumbani, ni kidogo, kimejaa migomba na kahawa, hakuna pa kuchungia. Majani yanakatwa chini, huko tambarare, na yanapandishwa kwa kichwa. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na wasichana. Unaweka ngata, unatwishwa furushi refu kuliko wewe, unapanda kilomita kadhaa za njia inayoteleza. Furushi linalala mbele na nyuma. Mbele majani yananing'inia mpaka usawa wa pua. Huwezi kuinua kichwa. Mlima ulio mbele yako, ambao watalii wanalipa maelfu ya dola kuusogelea, unauona kwa vipande kati ya majani, tena jioni tu, maana mchana kutwa mlima umejifunika.

Hapo ndipo mdogo wangu alipokuwa amesimama. Si kibarazani. Alikuwa njiani, chini ya nyumba, ana mzigo. Mikwaruzo ndiyo ilikuwa nukta ya tatu, na mimi sikuwa na namna ya kuisoma kwa sababu tulipokuwa watoto zamu yangu ilikuwa kwenda na baba kusafisha mfereji, na baadaye shule ya bweni, na baadaye Chuo cha Ardhi. Baba ndiye aliyekuwa akibeba jembe. Mimi nilikuwa nabeba maneno.

Kosa letu mbele ya picha kama ile ni swali tunaloliuliza. Tunauliza: hii ni nini? Mwenye swali hilo anataka ajibiwe mgomba, nyumba, ng'ombe. Kazini kwetu swali la kwanza ni jingine: chombo kilisimamishwa wapi? Ramani yenyewe ni dhahania kupindukia. Mistari ya kontua haipo mlimani, nenda ukaitafute. Mtu aliyechoka na kupanda haoni kontua, anaona magoti yake. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtoto wa chekechea angeweza kuchora karatasi ya Moshi.

Mwaka 2014 nilikwenda kumtembelea. Sijui kama nimewahi kuona nchi iliyolala namna ile. Denmark, sehemu yake ya asili iliyo juu kuliko zote inaitwa Møllehøj, na urefu wake ni mita 170.86. Hizo senti za mita wanazihitaji, maana mshindani wake amepitwa kwa kiasi ambacho ng'ombe akilala juu yake mambo yanageuka. Jumapili moja akanipeleka kwenye kilima kinachoitwa Himmelbjerget, jina lenye maana ya mlima wa mbinguni. Tukaegesha gari, tukatembea kidogo katikati ya miti, tukafika kwenye mnara wa matofali. Nikamuuliza mlima uko wapi. Akasema, “Kaka, umesimama juu yake.” Mita 147. Nyumbani Kidia, mlango wa jikoni wa mama uko zaidi ya mita 1,300.

Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema miaka ya mwanzo hakuumwa na baridi wala lugha kama alivyoumwa na shingo. Alikuwa akitoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anainua macho mahali ambapo mlima ungekuwa, na macho yanakosa pa kutua. Anajikuta ametazama mawingu tu. Rangi alianza kupaka akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, kwenye darasa la jioni, na kwa mwaka mzima alichora nyumba yetu: mabati, mgomba, mama mlangoni. Zote akazitupa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema zilikuwa zinafanana na picha za mtu mwingine. Kila alichochora alikuwa anakikumbuka kutoka kwenye fotografia iliyobandikwa kwenye friji. Mama mwenyewe, uso wake, ulikuwa umebadilishwa na picha ya pasipoti. Alipoondoa kila kitu ambacho fotografia ilikuwa imekigusa, akabaki na rangi ya jioni, kidonda cha Mawenzi na majani usoni. Hivyo hakuna aliyewahi kuvipiga picha.

Nyumbani kwake kulikuwa na kitabu kikubwa cha picha za Etel Adnan. Nilikipitia usiku huo nikiwa sina usingizi, maana mwezi wa Juni jua la kule halina adabu. Huyu mama alizaliwa Beirut mwaka 1925. Mama yake alikuwa Mgiriki wa Smyrna, mji ulioteketea kwa moto mwaka 1922. Baba yake alikuwa Mdamaski, afisa wa jeshi la dola ya Osmani, dola ambayo nayo ikafutika. Yaani alizaliwa na wazazi wawili ambao makwao hapakuwa tena na pa kurudi. Akaenda Marekani, akafundisha falsafa California, na katika miaka ya mwisho ya 1950 akaanza kupaka rangi. Mlima wake ulikuwa Tamalpais, juu ya ghuba ya San Francisco. Una mita 784 tu, ukiusimamisha kando ya Kidia kilele chake hakifiki mlangoni kwetu. Aliuchora kwa makumi ya miaka. Anailaza kanvasi mezani kama mtu anayeandika barua, anachukua rangi kwa kisu, anaiweka mabamba mabamba: bamba la waridi, la kijani, jekundu la jua. Hakuna kivuli, hakuna njia ya kupandia. Na baadaye, alipohamia Paris, akaendelea kuuchora mlima ule ule, sasa haupo dirishani. Mwaka 2012 picha zake ndogo ndogo zilitundikwa kwenye maonyesho makubwa ya Documenta mjini Kassel, Ujerumani, naye ana miaka 87. Hapo ndipo dunia ikajifanya imemgundua. Alifariki Paris mwaka 2021.

Kilichonishika kwenye kitabu kile ni kwamba mlima haupotei hata siku moja. Rangi zinabadilika kama vitenge, lakini bega la mlima liko pale pale. Nikamwambia mdogo wangu: huyu naye ana Mawenzi yake. Akajibu kwamba Adnan alikuwa na bahati, alikohamia alipewa mlima. “Mimi ilibidi nije na wangu.”

Yupo mwingine ambaye mpima ardhi hawezi kumpita kimya: Julie Mehretu, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1970, wazazi wake wakaondoka naye mwaka 1977, wakati wa utawala wa kijeshi wa Derg, wakaenda Michigan. Baba yake alikuwa mwalimu wa jiografia chuoni, na ukijua hilo picha zake zinaanza kuongea. Anaweka michoro ya majengo na ramani za miji, safu juu ya safu, anazifunika, anazisugua, halafu juu yake anatupa vistari vya wino vinavyokimbia kama watu wanaoonekana kutoka kwenye ndege. Nilizitazama kwenye kompyuta na nikaona wivu wa kikazi. Sisi tulikuwa tunafukuzwa kazi kwa kusugua ramani.

Mtasema hao ni wa mbali. Lakini mlima wetu una mchoraji wake, Sam Ntiro, mtu wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923, akasoma Makerere kwa Margaret Trowell, kisha shule ya sanaa ya Slade kule London, na baadaye akawa balozi wetu huko huko London. Picha yake ya wanaume wanaopeleka mbege kwa bibi harusi usiku iko kwenye jumba la sanaa la kisasa la New York. Ntiro naye alichora Uchagga kutoka kichwani akiwa mbali nao. Lakini kwake kumejaa: migomba, vibuyu, watu wadogo wadogo, kila mmoja na kazi yake na mahali pake. Nampenda sana, na kwa miaka nilimtumia kumshinda mdogo wangu kwenye ubishi: mbona Ntiro alikumbuka migomba? Siku moja akanijibu kwa simu, bila hasira, kwamba kwenye picha za Ntiro kila mtu anajua anapokwenda.

Hapo sasa nifike kwenye lile ninalolikwepa.

Sisi Wachagga tuna kihamba, na kihamba kina masale. Mpimaji akija na zege na chuma kuweka bikoni, ukweli ni kwamba anafuata masale yaliyopandwa na mababu kwenye mipaka. Na kwa mila, ndani ya masale hayo mtoto wa kike hana kipande. Kihamba cha nyumbani huenda kwa kitinda mimba wa kiume. Kwetu ndiye mimi. Majani yale yaliyopandishwa na mdogo wangu kwa miaka kumi na zaidi yaligeuka samadi, samadi ikaenda kwenye migomba, migomba ni yangu. Nimepima vihamba vya watu mamia, nimeandika majina ya wamiliki kwa mwandiko mzuri, na sijui kama yalifika kumi yaliyokuwa ya mabinti.

Mwaka 1999 Bunge likapitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na humo ikaandikwa waziwazi kwamba haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Tulipewa semina. Tulikula wali. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokwenda kuwaeleza wazee wa vijiji, wakanisikiliza kwa heshima, wakarudi kwa masale yao. Na sheria hiyo hiyo ilisema asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mwaka 2003 mdogo wangu akachukua uraia wa Denmark, maana bila huo kazi na pensheni vilikuwa vinayumba, na kwetu mtu mzima hashiki uraia wa nchi mbili. Mlango mmoja ulifunguliwa mwaka 1999, yeye akaja kutokea wa pili. Kwanza alikosa kwa kuwa binti, halafu akakosa kwa kuwa mgeni.

Mtu wa namna hiyo unamtaka achore uzio? Achore nyumba ya nani? Nilipokuwa nacheka kwamba picha haina migomba, sikujiuliza migomba ile ni ya nani. Yeye alichora kile ambacho hakina hati: mlima, jioni, na uzito wa kichwani. Katika picha zake zote nilizoziona, na sasa ni zaidi ya thelathini, hakuna hata mstari mmoja unaofunga eneo.

Magazeti yetu yakitaja diaspora, yanataja fedha wanazotuma. Tumejadili uraia pacha, tumejadili hadhi maalum, tunawauzia viwanja kwa picha za kompyuta zenye nyasi za kijani ambazo Kigamboni haijawahi kuziota. Kila Desemba barabara ya kwenda Moshi inajaa magari, na mtu anapimwa kwa ghorofa aliloanzisha. Anayekuja bila ghorofa, kama mdogo wangu, ananong'onwa: miaka yote hiyo Ulaya, amerudi na vitambaa vya rangi. Watoto wa kaka yangu walimkosoa hata theluji. “Shangazi umeweka nyingi mno, mlima hauko hivyo.” Ni kweli, hauko hivyo. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika karibu kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 haikufika hata 2. Katikati ya tarakimu hizo kuna mwaka 1987, na ule ndio weupe aliouchora. Sisi tuliobaki hatukuuona ukipungua kwa sababu tulikuwa tunautazama kila siku, na wengi wetu bado tunasema “theluji ya Kibo” kama kawaida, tunauza maji ya chupa yenye kilele cheupe kwenye lebo. Nani basi anachora mlima wa kufikirika? Hata ule urefu wa mita 5,895 tuliokariri shuleni, wapimaji walipanda mwaka 1999 na vipokezi vya satelaiti wakapata 5,892.55. Vitabu vya watoto havikushuka hata sentimita.

Sina ugomvi na wachoraji wa Tingatinga. Edward Tingatinga mwenyewe alikuwa mhamaji, mtu wa Tunduru aliyepita mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam, na rangi ya baiskeli kwenye ubao ilimlisha. Wanaomfuata nao lazima wale. Ninacholalamikia ni sisi wanunuzi. Tunamwendea binamu anayeishi Minneapolis au Muscat na picha ya twiga, tunamwambia hii ndiyo nyumbani, na yeye kwa adabu anaitundika juu ya televisheni. Hajawahi kuishi na twiga. Tumwulize siku moja anakumbuka nini hasa, na tuwe na subira akijibu kwa rangi mbili na mstari.

Mama alifariki mwaka 2018. Ile picha ya kwanza ilikuwa imetundikwa chumbani kwake, mahali anapoiona akilala. Sasa iko sebuleni kwangu, na wageni wanaendelea kuniuliza kama imetundikwa sawasawa. Nimemwambia mdogo wangu kwamba niko tayari kumkatia kipande, kwa jina la binti yake kama sheria inasumbua. Akasema atafikiri. Binti yake naye ni Mdenmaki. Tunazunguka hapo hapo.

Novemba iliyopita alinitumia picha mpya kwa WhatsApp. Karibu yote ni vumbi: hudhurungi, hudhurungi iliyokolea, kijivu. Juu kabisa, padogo, weupe. Na kidonda cheusi kikiwa kimegandamana na weupe, upande wa kushoto.

Nilimpigia saa hiyo hiyo. Nikamwambia, safari hii amekosea. Mawenzi ameiweka kushoto.

“Ndiyo, Kaka.”

“Kushoto ni Kenya.”

“Nilikuwa Kenya,” akasema. “Basi la Nairobi. Tulipata pancha baada ya Namanga, tukashushwa. Asubuhi, mlima uko wazi. Nikageuka.”

Ilikuwa 1987. Sanduku lake nililibeba mimi mpaka stendi ya Moshi, nikalipandisha juu ya basi, nikarudi ofisini kwa miguu. Mlima kutoka upande ule, jioni wala asubuhi, sijawahi kuutazama.

Baada ya simu nilitoa karatasi yangu ya zamani kabatini, nikaikunjua mezani, nikabonyeza pembe zake kwa vikombe. Kibo, Mawenzi. Nikapima kwenye kioo cha simu ile nafasi ndogo kati yao, nikaanza kuvuta upinde kwenda kaskazini magharibi. Karatasi yangu inaishia mpakani. Penseli ikatoka pembeni ya ramani, ikaendelea kidogo juu ya kitambaa cha meza.